Rekodi yako ya Kidato cha Tano na Sita unapoomba vyuo vikali vya Marekani

Wanafunzi wengi wa Tanzania ninaowasaidia kuomba Yale, MIT au Amherst huweka tumaini lote kwenye mtihani wa taifa wa Kidato cha Sita. Mtihani huo hufanyika Mei, matokeo hutoka Julai. Vyuo hivi hufunga maombi mwanzoni mwa Januari na kutoa majibu Machi. Divisheni wani yako hawataiona kabla ya kuamua. Watakachosoma ni ripoti zako za muhula, na ndizo za kuanza kushughulikia.

Hatua ya 1: Kusanya ripoti. Wanataka alama za miaka minne ya mwisho ya sekondari, yaani Kidato cha Tatu hadi cha Sita. Kama ulihama shule baada ya Kidato cha Nne, rudi kwa mwalimu wa taaluma wa shule ya zamani mapema, uombe kila ripoti ikiwa na sahihi na mhuri.

Hatua ya 2: Eleza madaraja yetu. Hapa watoto wetu wanapoteza sana, na inaniuma. Kwa NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, 72 ya Kidato cha Sita ni B, na 75 ya Kidato cha Nne ni A. Katika shule nyingi za Marekani alama zote mbili ni C. Msomaji asiyeelezwa atakuona mwanafunzi wa kawaida. Mwombe mkuu wa shule aandike ukurasa mmoja wa kuitambulisha shule: madaraja ya alama, idadi ya wanafunzi, tahsusi zinazofundishwa, na wastani wa darasa kwa kila somo. Ukiwa na 68 ya Fizikia wakati wastani wa darasa ni 41, karatasi hiyo inakutetea kuliko sifa yoyote utakayojipa.

Hatua ya 3: Pandisha alama zinazoonekana. General Studies na BAM (Basic Applied Mathematics, hisabati ya msingi) hazihesabiwi kwenye pointi za divisheni, ndiyo maana wengi huzipuuza. Kwenye rekodi inayotumwa Marekani zinakaa mstari mmoja na Kemia. Zisome. Kisha chukua somo la tahsusi linalokusumbua zaidi, na kila jaribio likirudishwa, fanya upya maswali yote uliyokosa ndani ya wiki hiyohiyo. Fizikia iliyotoka 48 ikafika 59 kisha 70 inampa msomaji sababu ya kukuamini.

Hatua ya 4: Walimu wawili wa kukuandikia barua za mapendekezo. Wachague kati ya wanaokufundisha sasa, uwaambie tangu mwisho wa Kidato cha Tano. Mkumbushe kila mmoja swali au kazi aliyokuona ukihangaika nayo mpaka ukaiweza.

Hatua ya 5: Shughuli. Common App, fomu ya mtandaoni ya maombi inayotumiwa na vyuo vingi vya Marekani, wakiwemo Yale na Amherst (MIT wana fomu yao), ina nafasi kumi, na kila maelezo hayazidi herufi 150. "Mwanachama wa klabu ya hisabati" haisemi kitu. "Nafundisha hesabu Kidato cha Kwanza kila Jumamosi, natunga mazoezi na kusahihisha" inasema. Kupika, kulea wadogo zako na kuuza kwenye genge la mama navyo ni shughuli, viandike.

Hatua ya 6: SAT. Huu ni mtihani wa Kiingereza na hisabati unaotumika kuomba vyuo vya Marekani. MIT wanaudai, au mwenzake ACT. Ufanye mwishoni mwa Kidato cha Tano ili upate muda wa kurudia.

Hatua ya 7: Matokeo ya Desemba. Maombi yakishatumwa, vyuo bado vinasubiri ripoti ya nusu mwaka ya Kidato cha Sita. Hakikisha shule inaituma kabla ya katikati ya Februari.