Kusawazisha kamera ndogo kwenye gimbali ya mkononi

Zima gimbali, yaani kishikio chenye mota kinachotuliza kamera, kisha ifunge kamera ikiwa na kila kitu utakachorekodia: betri, kadi, lenzi bila kifuniko, maikrofoni na waya wake. Skrini ya kukunjua nayo ifunguliwe sasa, maana ukiifungua baadaye uzito unahama. Sony a6400 yenye betri na kadi ina gramu 403. Lenzi ya Sigma 16mm f/1.4 pekee ina gramu 405. Mbele pazito kama nyuma, hivyo hata milimita 2 za kusogeza bamba linaloshika kamera zinaonekana.

Gimbali ina mihimili mitatu, yaani viungo vinavyozunguka: funga mingine, fungua ule wa kuinamisha. Lenzi ikishuka, rudisha kamera nyuma. Ikiinuka, isogeze mbele. Halafu elekeza lenzi juu. Wengi huiruka hatua hii, kisha wanashangaa mota zikitetemeka. Lenzi ikirudi mbele yenyewe, pandisha kamera. Ikiangukia nyuma, ishushe. Ikitulia popote unapoiachia, kaza skrubu.

Fungua mhimili wa kulalia upande: kamera ikilalia kushoto, sukuma mkono wake kulia. Kwa mhimili wa mwisho, ule wa kugeuza kamera kushoto na kulia, laza mpini. Mkono wa chini usizunguke wenyewe.

Waya mgumu wa maikrofoni huivuta kamera. Tumia mwembamba, uulegeze. Lenzi ya zumu inayorefuka isawazishe katika urefu utakaotumia. Ukishawasha, endesha urekebishaji wa mota. Zikivuma au zikipata moto, zima urudie hatua ya lenzi kutazama juu.