Meno ya bandia yenye chuma: safisha ndani ya kulabu

Kazi yangu ni kutengeneza meno ya bandia hapa Dodoma. Mtu akiniletea ya kwake niyakague, nageuza kwanza kulabu, zile kucha za chuma zinazoshika meno yaliyobaki. Kwa nje karibu zote zinang'aa. Mambo yako ndani. Juzi mama mmoja kanipa ya kwake: ndani ya kulabu ukoga wa manjano, mlenda umekaukia juu yake. Nilipousugua ukatoka, vikabaki vitobo vyeusi kama ncha ya sindano.

Fremu, yaani kiunzi cha chuma kinachobeba meno hayo na kulabu zake, mara nyingi ni mchanganyiko wa kobalti na kromi. Kromi ikipata oksijeni hujivika ngozi nyembamba isiyoonekana kwa macho, nayo ndiyo kinga dhidi ya kutu. Bakteria wakijenga utando juu yake hula sukari na kutoa asidi, huku oksijeni chini ya utando ikipungua. Ngozi ikichubuka hapo hairudi vizuri, na chumvi iliyomo kwenye mate huanza kutoboa chuma. Kitobo nacho kinakuwa maficho ya bakteria, mswaki haukifikii.

Kwa hiyo vua na suuza kila baada ya kula, hasa msimu wa zabibu, maana sukari yake inanata. Usiku tandika taulo au weka maji kwenye beseni, meno yakikuponyoka yasivunjike. Tumia mswaki laini na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Shika sehemu nene, usibane kulabu, itapinda. Ingiza mswaki ndani ya kila kulabu, sugua kuelekea ncha, kisha geuza usugue upande unaolala kwenye fizi. Suuza mpaka sabuni iishe. Lala bila kuyavaa ili fizi zipumzike. Yaweke kwenye kikombe cha maji safi, na maji hayo yamwage asubuhi.

Dawa ya meno usiipake kwenye meno ya bandia. Ina chembe zinazokwaruza, na bakteria hupenda kushika kwenye mikwaruzo. Ibakize kwa meno yako mwenyewe, na lile linaloshikwa na kulabu lipigwe mswaki kuliko yote, kwa sababu ukoga unajikusanya hapo na jino linaoza. Jiki, nakuomba sana, isiguse chuma: klorini yake inakitoboa. Maji ya moto yanapinda ile plastiki ya rangi ya fizi. Ukinunua vidonge vya kulowekea, soma kama vinafaa kwa chuma na usizidishe muda.

Maji yetu ya Dodoma, ya visima vya Makutupora, yana chumvi, birika lako la chai ni shahidi. Ugaga mweupe ukiganda kwenye fremu usiukwangue kwa kisu wala pini. Mpelekee fundi aung'oe na kuing'arisha fremu upya. Na ukisikia ladha ya chuma mdomoni, au fizi chini ya fremu zimekuwa nyekundu na zinawasha, nenda kwa daktari wa meno. Ukienda, yabebe na hayo meno ya bandia.