Darasa la awali lisisahaulike kwenye bajeti ya mlipuko wa ugonjwa: mwongozo kwa kamati za shule Mtwara na Lindi

Shule zilifungwa Machi 17, 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, na watoto wa awali na msingi wakarudi darasani Juni 29. Oktoba 2021 ikaja fedha ya mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, shilingi trilioni 1.3, ambayo sehemu yake ilijenga madarasa 15,000: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi (shule ndogo zilizo chini ya shule mama), kila moja kwa shilingi milioni 20. Fedha za dharura huja kwa kishindo na huondoka haraka. Mtoto wa miaka mitano huzipata akiwa ameandikwa kwenye bajeti kwa mstari wake mwenyewe. Akifichwa ndani ya "elimu msingi", darasa la saba lenye mtihani litachukua chote, na hakuna atakayeonekana amekosea.

Anzeni na hesabu ya ruzuku, ili mjue pengo lenu. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, ruzuku ya uendeshaji shule ya msingi imepigwa kwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, 6,000 zikija shuleni na 4,000 zikibaki kwa vitabu. Watoto 40 kwa hizo 6,000 ni shilingi 240,000 kwa mwaka, yaani 20,000 kwa mwezi. Sabuni, maji na karatasi za darasa moja haviwezi kutoka humo.

Maji ndiyo yanayoangusha makisio mengi, hasa Newala na Tandahimba, ambako uwanda wa Makonde hauna maji ya karibu na ndoo hununuliwa. Mtoto akinawa mara tatu kwa siku, nusu lita kila mara, watoto 40 wanatumia lita 60, ndoo tatu. Kwa wiki ni lita 300. Tangi la lita 5,000 litawatosha wiki 16 za masomo. Likijaa mwisho wa Aprili, ukitoa likizo ya Juni, linakauka katikati ya Septemba, na mvua bado iko mbali. Kwa hiyo andikeni mambo mawili, tangi lenye mifereji ya bati na maji ya kununua hadi mvua zianze. Wekeni na kufuli ya koki. Bila kufuli, maji ya awali yatafua sare za shule nzima.

Vibuyu chirizi vitatu vinatosha: galoni ya lita 5, tundu la msumari uliochomwa moto, kamba, kijiti cha kukanyagia, na sabuni iliyotobolewa ikafungwa pembeni. Kosa la kila mara ni kuvitundika kwa kimo cha mwalimu. Maji yanamtiririkia mtoto hadi kwenye viwiko, analowa, na kesho hanawi. Tundu liwe usawa wa kifua chake.

Ombi lianzie Halmashauri ya Kijiji, liende Mkutano Mkuu, kisha Kamati ya Maendeleo ya Kata, ndipo liingie halmashauri ya wilaya. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini mipango ya vijiji hukusanywa miezi mingi kabla, kwa hiyo anayesubiri Mei amechelewa. Muhtasari uwe na mahudhurio na sahihi, na ombi liwe na mchanganuo wa gharama wenye bei za dukani kwenu. Na fanyeni mikutano mapema: Machi 2020 mikusanyiko ya hadhara ilizuiwa, na kijiji kisicho na muhtasari mkononi hakina cha kupeleka.

Mlipuko ukitokea katikati ya mwaka, ombeni uhamisho wa fedha kati ya vifungu. Barua ipite kwa Mwalimu Mkuu na Afisa Elimu Kata hadi kwa Mkurugenzi, na nakala apewe Diwani kabla Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango haijakaa. Kamati hiyo hukaa kila mwezi. Diwani asiyejua idadi ya watoto wenu hawezi kuwatetea.

Huku kwetu mapato ya ndani ya halmashauri yanafuata korosho. Minada ikifunguka Oktoba, ushuru unaingia, na hapo ndipo kifungu kilichopitishwa kinaweza kulipwa. Barua ya kuomba kutolewa fedha iwe imefika kwa mweka hazina kabla ya mnada wa kwanza. Michango ya wazazi nayo ipangwe wakati huohuo. Kumdai mzazi shilingi 2,000 Februari, chakula kikiwa kimeisha ghalani, ni kumfukuza mtoto darasani.

Fedha ikiingia kwa utaratibu wa fosi akaunti, yaani shule kununua vifaa na kuajiri mafundi yenyewe bila mkandarasi, anayenunua asiwe anayepokea. Kamati ya manunuzi na ya mapokezi ziwe na watu tofauti, na kila mzigo uhesabiwe getini, si kwenye karatasi. Mchanga na mawe ya wananchi yaandikwe thamani yake, maana yanaonyesha kijiji kimeshaanza. Daini risiti ya EFD, ile ya mashine ya kielektroniki, papo hapo. Malipo yasisubiri wiki ya mwisho ya Juni.

Wekeni pia kasma, yaani mstari wa bajeti, ya masomo ya nyumbani endapo shule zitafungwa tena. Kila mtoto apate mfuko wake wa vizibo kumi vya soda vya kuhesabia, karatasi na kalamu za rangi, vitu asivyoshika mwenzake, na mwalimu apewe nauli ya kupita vitongojini. Vizibo vioshwe na kingo zake zigongwe zilale. Maganda ya korosho ghafi msiyatumie hata kama ni bure: yana mafuta yanayounguza ngozi, na mtoto hupeleka mkono mdomoni.