Kufunga inveta ya wati 1,000 kwenye betri ya volti 12

Inveta hugeuza DC (umeme wa mkondo mmoja) ya betri kuwa AC (umeme wa mkondo geu, kama wa ukutani) ya volti 230. Kinachoharibu kazi mara nyingi ni waya. Wati 1,000 kwa volti 12 ni zaidi ya ampea 90 ukihesabu na zinazopotea, kwa hiyo tumia waya wa shaba wa milimita za mraba 35, usiozidi mita moja na nusu, na fyuzi ya ampea 125 karibu na chanya ya betri. Waya mwembamba hupata moto, na inveta hulia kana kwamba betri imekwisha, kumbe imejaa. Pima volti wakati mzigo umewashwa: kwanza kwenye betri, kisha kwenye inveta. Tofauti ikizidi volti 0.3, kagua waya na viungo.

Nungwi, Wete, Mkoani, popote upepo wa bahari unapofika, chumvi hula shaba. Paka grisi kwenye viungo baada ya kukaza.

Kwa feni au friji nunua inveta ya wimbi safi (pure sine wave); kwa zile za bei rahisi mota huvuma na kupata joto.

Betri ya asidi ya ampea-saa 100 itumie nusu tu: wati 100 kwa saa tano hivi.

Usichomeke inveta kwenye soketi ya ukutani, hata mara moja! Funga swichi ya kubadilishia, ya kuchagua ama inveta ama umeme wa ZECO (Shirika la Umeme Zanzibar). Bila hiyo, umeme wa ZECO ukirudi inveta huungua, na kabla haujarudi, umeme wa inveta unaweza kumpiga fundi aliye juu ya nguzo.