SOMO: Trekta lisikubinukie

Wiki haipiti bila mtu kuniuliza jinsi ya kukwamua trekta au kung'oa kisiki. Naandika hapa mara moja, wengine nitakuwa nawaelekeza huku.

1. Kagua oili, maji, matairi na breki. Injini ikiwa ya moto, usifungue mfuniko wa rejeta.
2. Washa ukiwa umekaa kitini, gia ikiwa huru. Ukiunganisha nyaya za stata umesimama chini na gia imeingia, tairi la nyuma litakupitia.
3. Simamisha fremu ya kinga (ile ya chuma inayokulinda trekta likibinuka), funga mkanda.
4. Usibebe abiria, hata mtoto. Madigadi si kiti.
5. Kuvuta. Someni polepole, hapa ndipo nilipokosea. Nilikuwa nang'oa kisiki, mnyororo nikaufunga kwenye mkono wa juu wa haidroliki kwa sababu palifikika kirahisi. Nikaachia klachi kwa pupa. Pua ikapanda, nikaona anga tupu. Mguu ulikuwa bado juu ya pedeli; nikakanyaga klachi, magurudumu ya mbele yakarudi chini kwa kishindo. Trekta likiinuka hivyo hulala chali ndani ya takriban sekunde 1.5 tu, na nafasi ya kulizuia huisha kabla hujafikiri. Fungia kwenye drobaa (chuma cha kuvutia kilicho nyuma ya trekta) peke yake, chini ya usawa wa ekseli ya nyuma. Kaza mnyororo taratibu kwa gia nzito. Watu wakae mbali kuupita urefu wake, ukikatika unachapa. Na ukikwama topeni, usifunge gogo kwenye matairi ya nyuma! Jaribu kutoka kwa rivasi.
6. Shafti ya PTO (ile ya nyuma inayozungusha mashine zinazofungwa kwenye trekta): zima injini, isubiri isimame, ndipo usogee. Kwa mizunguko 540 kwa dakika, inazunguka mara 9 kila sekunde. Shati likinaswa hutawahi kulivuta.

MASWALI

Swali: Mkuu sijasoma yote, mnyororo nifunge wapi?
Jibu: Hatua ya 5.

Swali: Naendesha miaka kumi bila mkanda, sijawahi kuanguka.
Jibu: Nami sijawahi, ila siku ya kisiki ilikuwa nusura. Bila mkanda unarushwa nje, na fremu haimlindi aliye nje.

Swali: Kwa nini pua ipande, badala ya tairi kuteleza tu?
Jibu: Swali zuri sana, ndugu yangu. Injini inazungusha ekseli. Matairi yakigoma kuzunguka, nguvu ileile inageuka na kuzungusha bodi juu ya ekseli. Ndiyo maana gogo kwenye matairi ni hatari. Ukifungia juu, mzigo nao unaivuta bodi nyuma. Ukifungia chini, pua ikianza kupanda drobaa inashuka, mvuto unapungua.

Swali: Fremu yangu ni ya kukunja, napita chini ya miti.
Jibu: Ikiwa imekunjwa, usifunge mkanda, utabanwa chini ya trekta. Ukitoka mitini, isimamishe na ufunge tena.

Swali: Nje ya mada kidogo, bomba la haidroliki linavuja, sioni wapi.
Jibu: Usipapase kwa mkono, oili ya presha hupenya ngozi. Pitisha kipande cha boksi, doa litakuonyesha. Ikikupenya, nenda hospitali mara moja hata kama hakuna maumivu.