Somo: Kurudi mezani baada ya kufeli mtihani wa leseni ya uuguzi zaidi ya mara moja

Mbukwenyi. Wiki hii nimepokea jumbe nne zenye swali moja, "Nimefeli tena mtihani wa leseni, nifanyeje?", nikaona nijibu hapa kwa pamoja. Matokeo ya Baraza la Uuguzi na Ukunga yametoka, jina lako limekaa tena upande usioutaka, na nyumbani wameanza kunong'ona: "Hivi huyu chuo alisoma kweli?" Mimi nilifeli mara tatu, ya nne nikapita. Leo niko wodi ya wazazi kwenye kituo cha afya nje kidogo ya Dodoma mjini, na wapo wanaoniita sista bila kujua nilipotoka.

Kwa ndugu na wazazi wanaosoma hapa: cheti cha chuo peke yake hakimruhusu mtu kuhudumia wagonjwa kama muuguzi. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 inataka asajiliwe na awe na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Kwa hiyo mwanao akikaa nyumbani na cheti chake, usimwambie anachagua kazi.

Mara ya tatu ndiyo nilisoma kuliko zote. Nilipiga msuli mpaka saa nane za usiku, madesa nikayameza, rangi za kupigia mstari zikaisha. Nikafeli. Ndipo nikaanza kushuku kwamba tatizo si saa ninazosoma.

Hatua ya kwanza: acha vitabu kwa wiki mbili, na mwambie mtu mmoja ukweli

Nilipofeli mara ya pili nilificha. Asubuhi nilikuwa naaga naenda diskasheni, kumbe naenda kukaa Nyerere Square, nahesabu bajaji. Siri ile ilinichosha kuliko masomo. Siku nilipomwambia mama mdogo, alinyamaza kidogo, akaniuliza kama nimekula, kisha akanipa kazi ya kumuuzia karanga soko la Majengo mpaka saa saba mchana. Nikapata nauli, na nikapata mtu ambaye sihitaji kumdanganya. Anza hapo. Ratiba itafuata.

Hatua ya pili: jua unafelia wapi hasa

Wengi huruka hatua hii na kufungua desa ukurasa wa kwanza kwa mara ya tano. Usifanye hivyo. Tafuta maswali mia moja ambayo hujawahi kuyaona, kaa nayo kwa muda maalumu, simu iwe chumba kingine. Sahihisha. Halafu kila ulilokosa liweke kwenye fungu moja kati ya manne: sikujua kabisa, nilijua nikasahau, nilisoma swali vibaya, nilikuwa na jibu sahihi nikalifuta.

Mimi nilikosa 43. Ya "sikujua kabisa" yalikuwa 12. Tisa nilisahau, sita nilikuwa nimepata nikayafuta mwenyewe, na 16 nilisoma vibaya. Kumi na sita! Miaka miwili nilikuwa najaza maji kwenye ndoo iliyotoboka chini.

Kusoma vibaya kuna sababu yake kwetu. Tumesomea uuguzi kwa Kiingereza, lakini kichwani wengi tunatafsiri. Swali linauliza lipi SI dalili ya kitu fulani, wewe unaona dalili ya kwanza unayoijua, unaitia alama kwa furaha. Dawa niliyopata ni ndogo: kabla ya kutazama majibu, funika kwa kiganja, zungushia duara neno linalobeba swali (la kwanza, isipokuwa, mara moja, zaidi), kisha jisemee kwa Kiswahili, "Wananiuliza nini?" Mwanzoni itakuchelewesha. Baada ya wiki mbili inakuwa mazoea.

Hatua ya tatu: daftari la makosa

Hii ndiyo roho ya somo, mengine yote ni mboga.

Nunua daftari la kawaida. Kila swali ulilokosa linapata nusu ukurasa. Swali zima usilinakili. Andika nilichagua nini, kwa nini kilinivutia, na kwa nini sicho. Hilo la katikati ndilo lina faida, na ndilo linalouma.

Mfano kutoka langu. Una kina mama wanne waliojifungua. Wa kwanza analalamika maumivu ya nyuzi. Wa pili pedi yake imelowa chapachapa ndani ya robo saa na anasikia kizunguzungu. Wa tatu mtoto anakataa ziwa. Wa nne anasubiri ruhusa ya kwenda nyumbani. Wa kuanza naye ni wa pili, hapo nilipata. Swali likaendelea: utafanya nini kwanza? Nikachagua "mpigie daktari".

Nikaandika daftarini: "Nilichagua daktari kwa sababu niliogopa kuonekana najichukulia madaraka." Huo ndio ulikuwa ukweli. Mama anayevuja damu hivyo unaweka mkono tumboni, unapapasa mji wa mimba, ukiwa laini unaukanda, na mdomo wako wakati huohuo unaita msaada. Daktari anakuja akikukuta unafanya kazi. Nilipopitia kurasa za nyuma nikakuta kosa hilohilo mara saba, kwenye degedege, kwenye pumu, kwenye mtoto mchanga asiyelia. Magonjwa tofauti, woga mmoja. Desa lisingenionyesha hilo hata ningelisoma mara kumi.

Hatua ya nne: hesabu za dawa, tano kila siku

Kasi ya dripu ni ujazo kwa mililita, mara idadi ya matone ya seti (mpira wa dripu) kwa mililita moja, gawanya kwa dakika. Dakika. Mililita 1,000 kwa saa 8, seti ya matone 20: 1,000 mara 20 ni 20,000; saa 8 ni dakika 480; jibu 41.67, yaani matone 42 kwa dakika. Kuna siku niligawanya kwa 8, nikapata matone 2,500 kwa dakika na nikaendelea na swali linalofuata bila kushtuka. Hiyo si dripu, ni bomba la kisima cha Mzakwe. Kila ukipata jibu jiulize kama umewahi kuliona wodini.

Hatua ya tano: rudia kwa kuachia nafasi

Ulichosoma leo kijaribu kesho, kisha siku ya nne, kisha baada ya wiki, kisha baada ya wiki mbili. Kijaribu, maana yake funga daftari, chukua karatasi tupu, andika unachokumbuka. Yule Mjerumani Ebbinghaus aliandika tangu mwaka 1885 jinsi tunavyosahau haraka siku za mwanzo, na jinsi kurudia kwa nafasi kunavyosaidia. Kusoma tena na tena kunakupa hisia kwamba unajua kwa sababu macho yameuzoea ukurasa. Mimi nilikuwa naweza kukuambia dozi ya magnesiamu salfeti, dawa ya kifafa cha mimba, iko upande gani wa karatasi, ila ukiniuliza kabla ya dozi inayofuata naangalia nini, nababaika. (Pumzi zisipungue 16 kwa dakika, goti liitikie ukiligonga, mkojo usipungue mililita 30 kwa saa. Na kalsiamu glukoneti, dawa ya kuizima ikizidi, iwe karibu.)

Hatua ya sita: kikundi cha watu watatu, wasizidi

Sita ni sherehe. Sisi tulikutana maktaba ya mkoa Jumanne na Ijumaa. Sheria ilikuwa moja: anayefundisha hashiki karatasi. Akikwama, hiyo ndiyo kazi yake ya nyumbani.

Na yale makundi ya simu yanayouza "mtihani wenyewe" usiku wa kuamkia, toka. Nilitoa elfu thelathini mara ya pili, nikaletewa maswali ya zamani yaliyobadilishwa tarehe. Na hata yangekuwa ya kweli, ungepoteza zaidi ya elfu thelathini.

Wiki ya mwisho punguza. Soma daftari la makosa tu, lala mapema kila usiku, kagua vitambulisho na mahali pa kufanyia. Kama unatoka mbali, kwa mfano Mpwapwa au Manyoni, fika siku moja kabla. Usitegemee basi la alfajiri.

Kabla hamjauliza, nanyi nawauliza: mtoto ana malaria kali, kilo 18, ameandikiwa atesunati ya sindano kwa kipimo cha kawaida. Miligramu ngapi kwa dozi moja?

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Kongwa: Dada, mimi nafanya kazi dukani mpaka saa mbili usiku. Ratiba yako ni ya mtu asiye na kazi.

Jibu: Pole kaka, na hujakosea, mchana wangu ulikuwa wazi. Wewe chukua dakika arobaini alfajiri: maswali 15 na kuyasahihisha. Hesabu tano zifanye dukani wateja wakipungua. Jumapili andika daftari. Itakuchukua miezi mitano badala ya mitatu.

Mwanachama, Singida: Nimefeli mara nne. Je, kuna kikomo cha kurudia?

Jibu: Taratibu za kurudia hutangazwa na Baraza lenyewe, na hubadilika. Soma tangazo la mtihani unaoomba, au waulize moja kwa moja. Usichukue jibu la kundi la simu, wala la kwangu.

Mwanachama, Chamwino: Sista, naogopa mikono imesahau. Mwaka na nusu sijagusa mgonjwa.

Jibu: Hili liliniuma sana. Nilijifungia chumbani nikawa nasema kwa sauti, mto ndiye mgonjwa: nanawa mikono, najitambulisha, namuuliza jina lake... Mdogo wangu alidhani nimechanganyikiwa, akauliza kama tuelekee hospitali ya akili ya Mirembe. Lakini mpangilio ulirudi. Ukipata chuo chako cha zamani wakakuruhusu kuingia chumba cha mazoezi wenye midoli, nenda. Kugusa mgonjwa wa kweli bila leseni wala usimamizi, hapana, hata kama ni jirani anayekusihi umchome sindano.

Mwanachama, Dodoma mjini: Shemeji yangu yuko Marekani, ananiambia niachane na huu nifanye NCLEX, mtihani wa leseni ya uuguzi wa kule, moja kwa moja. Unasemaje?

Jibu: Mdogo wangu, huo nao unafelisha watu. Unafanywa kwa kompyuta, na maswali yanabadilika ugumu kulingana na unavyojibu. Tangu Aprili 2023 una sura mpya yenye visa virefu vya wagonjwa, maswali kati ya 85 na 150 ndani ya saa tano. Ukifeli unasubiri angalau siku 45, na unapewa taarifa inayoonyesha maeneo uliyokuwa chini, kitu ambacho ningekifurahia sana wakati wangu. Ila kabla ya kukubaliwa kuufanya lazima masomo yako yakaguliwe na jimbo unaloomba, nao huuliza habari za leseni ya kwenu. Mlango wa nyumbani hauukwepi kirahisi.

Mwanachama, Kondoa: Mume wangu anasema inatosha sasa, nifungue saluni. Nifanyeje?

Jibu: Dada yangu, saluni si aibu, na huenda ikakulipia ada ya mtihani. Ndani ya nyumba yako sitaingia. Ila mwonyeshe lile jedwali la mafungu manne. Mama mdogo alipoona kwamba 12 tu ndiyo sikujua, aliacha kuniambia nipumzike, akaanza kuniuliza kila jioni, "Leo umesoma vibaya mangapi?"

Mwanachama, Bahi: Jibu la atesunati ni miligramu 43.2. Nimezidisha 2.4 mara 18.

Jibu: Kuzidisha uko sawa kabisa. Uzito umeusoma?

Mwanachama, Bahi: Kilo 18 sista.

Jibu: Na 2.4 ni ya nani?

Mwanachama, Bahi: Aah. Ya kuanzia kilo 20. Chini ya hapo ni 3 kwa kilo. Basi 54.

Jibu: 54. Anapata mara tu anapoanza tiba, saa 12 baadaye na saa 24 tangu kuanza, kisha mara moja kwa siku mpaka aweze kumeza. Sasa chukua daftari, andika tarehe ya leo, na uandike kwa nini 2.4 ilikuvutia.