Kuandaa mashindano ya chesi ambayo wasioona wanacheza na wanaoona

Klabu moja ya Nakuru iliniomba niwaongoze kuandaa mashindano ya wazi ambamo wachezaji wasioona watakaa meza moja na wengine wote. Utaratibu ni huu ninaoutumia kama mwamuzi. Sheria zenyewe ziko kwenye kiambatisho cha Sheria za Chesi za FIDE, shirikisho la chesi la dunia, kinachowahusu wasioona. Kisome, usisimuliwe.

Hatua ya 1: Wafuate waliko
Fomu ya mtandaoni peke yake haitawaleta. Nenda shuleni, kama ile ya wasioona pale Thika, uongee na mwalimu wa michezo. Kwenye tangazo weka namba ya kupiga simu, si picha ya kuskani tu. Ukikuta kijana asiyeona anacheza Lichess usishangae, tovuti hiyo ya chesi ina mpangilio unaosomeka kwa kisoma skrini, yaani programu inayosoma maandishi kwa sauti.

Hatua ya 2: Mbao
Kila mchezaji anatumia ubao wake. Wa asiyeona usipungue sentimita 20 kwa 20, miraba myeusi iinuke kidogo, kila mraba uwe na tundu, na kila kete iwe na kijiti cha kuingia humo. Kete nyeusi lazima ziwe na alama. Mimi hupigilia kimsumari kifupi kichwani. Seremala yeyote wa mtaani ataweza. Mbao za sumaku sizitaki kabisa: vidole vikipita juu, kete zinateleza.

Hatua ya 3: Kutaja mwendo (hapa ndipo siku inapoharibikia)
Anayecheza anasogeza kete kwenye ubao wake, anataja mwendo kwa sauti, kisha ndipo anabonyeza saa ya chesi ili muda wa mpinzani uanze. Mpinzani anaurudia na kuufanya kwenye ubao wake. Ulimi ukiteleza, rekebisha papo hapo kabla saa ya mpinzani haijaanza.

Safu za ubao, a hadi h, hazitajwi kwa herufi, maana "b", "d" na "g" ukumbini husikika kama kitu kimoja. Majina ni Anna, Bella, Cesar, David, Eva, Felix, Gustav na Hector. Kwa namba na kete sheria inataka Kijerumani, isipokuwa mwamuzi akiamua vingine. Mimi huamua Kiswahili: "Farasi, Felix tatu." Tahadhari moja: "tatu" na "tano" zinakaribiana sana penye kelele, kwa hiyo asiyerudia mwendo mkumbushe kila mara, hata kama mpinzani wake halalamiki.

Halafu kuna hili la kugusa, maana kwenye chesi kete yako ukiigusa lazima uicheze. Raundi ya kwanza lazima atatokea kijana anayeona, mkono juu: "Mwamuzi, ameshika malkia!" Hajashika. Asiyeona anaruhusiwa kupapasa ubao wake mzima. Kete huhesabiwa imeguswa inapong'olewa kwenye tundu. Lieleze hili mbele ya wachezaji wote kabla ya raundi ya kwanza, la sivyo utalieleza meza kwa meza huku saa zinakimbia.

Na mbao mbili zikitofautiana? Simamisha saa, chukua kumbukumbu za miendo za wote wawili. Zikilingana, aliyeandika sawa lakini akasogeza vibaya ndiye anayerekebisha ubao wake. Zisipolingana, rudini nyuma hadi pale zinapokubaliana, kisha urekebishe saa. Ndiyo maana nakagua kumbukumbu mapema. Asiyeona anaweza kuandika kwa Braille au kurekodi sauti, ila usikubali simu iwe ndiyo kinasa sauti, kwa sababu simu ukumbini ni kesi nyingine. Tafuta vile vinasa sauti vidogo vya kawaida na uvijaribu siku moja kabla, betri zikiwemo.

Hatua ya 4: Msaidizi
Asiyeona ana haki ya kuwa na msaidizi wa kusogeza kete kwenye ubao wa mpinzani, kutaja miendo, kuandika, na kumwambia muda uliotumika akiuliza. Asiwe kocha wake. Chagua mtu mwenye sauti kavu isiyopanda wala kushuka, kwani hata kuguna ni ushauri.

Hatua ya 5: Meza na upangaji
Meza ya asiyeona iwe pana ya kutosha mbao mbili na saa, tena isibadilike. Raundi ikipangwa, mpinzani ndiye anayehama. Iweke mbali na mlango ili miendo isikike na majirani wasikerwe. Mimi hupanga nani acheze na nani kwa programu ya Swiss-Manager kwa sababu matokeo yanapanda tovuti ya Chess-Results moja kwa moja. Michezo ya dakika tano usiiguse. Kutaja na kurudia kunakula muda.

Wasabato wakijisajili, wape bai ya nusu pointi (hawachezi ila wanapata nusu pointi) kwa raundi za Jumamosi mchana, na hilo liandikwe kwenye kanuni kabla usajili haujafunguliwa.